Mada ya Marudio: Kutunga Fomu ya Mtandaoni ya Madai ya Fidia ya Ajali Kazini

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa aweze:
(a) kueleza maana ya fomu na kuitofautisha na barua na insha;
(b) kubainisha sifa za lugha ya fomu kama rejesta;
(c) kutambua na kuondoa utata katika maswali ya fomu;
(d) kutunga fomu ya mtandaoni ya kutolea taarifa ya ajali kazini kwa ajili ya madai ya fidia.

1. Utangulizi

Fomu ni maandishi yenye maswali au nafasi zilizopangwa ili mjazaji atoe taarifa maalumu kwa kusudi maalumu. Katika insha, mwandishi huamua mwenyewe aseme nini na aanze na lipi. Katika barua, huamua kwa sehemu, maana muundo umepangwa lakini maelezo ni yake. Katika fomu, anayeamua ni mtunzi wa maswali. Asichouliza mtunzi, mjazaji hana mahali pa kukiandika. Hiyo ndiyo tofauti kubwa, na ndiyo sababu kutunga fomu ni kazi nzito kuliko inavyoonekana.

Tuchukue mfano wa kubuni. Fundi wa karakana ya mbao hapa Nyakitonto, wilayani Kasulu, amekatwa vidole viwili na msumeno wa mashine. Amepelekwa hospitali, amefungwa jeraha, amerudi nyumbani. Hawezi kufanya kazi. Ana mke na watoto watatu. Fedha anayoweza kulipwa inategemea taarifa zitakazoandikwa kwenye fomu, na taarifa hizo zinategemea maswali. Swali likiwa na utata, jibu litakuwa na utata, na madai yenye utata hucheleweshwa au hukataliwa. Katika mada hii, mtahiniwa, jifikirie kuwa wewe ndiwe uliyeombwa na mwenye karakana kutunga fomu hiyo.

2. Msingi wa madai: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi

Huwezi kutunga maswali mazuri bila kujua anayelipa anataka kujua nini. Kwa Tanzania Bara, fidia ya ajali, ugonjwa au kifo kinachotokana na kazi hulipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi huuita kwa kifupi WCF. Mfuko huu umeundwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, Sura ya 263, na ulianza kazi tarehe 1 Julai 2015. Chini ya sheria iliyotangulia, iliyoachwa na serikali ya kikoloni, malipo ya juu ya ulemavu wa kudumu yalikuwa shilingi 108,000 tu.

Mambo ya kukumbuka kuhusu Mfuko:

(i) Mwajiri ndiye anayechangia. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi kwa ajili ya mchango huu.

(ii) Mfanyakazi hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Kinachohitajika ni kuonyesha kwamba aliumia kutokana na kazi na akiwa katika kazi.

(iii) Mfanyakazi humpa taarifa mwajiri mapema iwezekanavyo. Mwajiri naye huutaarifu Mfuko ndani ya siku saba tangu alipopata taarifa. Siku hizi kazi hiyo inaweza kufanyika kwa njia ya mtandao.

(iv) Madai yasikae. Sheria inatoa miezi kumi na miwili ya kuyawasilisha.

(v) Mafao ni pamoja na matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, utengemao, gharama za mazishi na pensheni kwa wategemezi wa marehemu.

(vi) Malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 24. Kama fundi wetu alikuwa akilipwa shilingi 300,000 kwa mwezi, hesabu ni 300,000 × 70 ÷ 100 = shilingi 210,000 kwa mwezi.

(vii) Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia. Usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipwa kwa pensheni ya kila mwezi.

*Zingatia:* Fomu tunayoitunga hapa ni ya karakana. Inamwezesha mfanyakazi kumpa mwajiri taarifa kamili ili mwajiri naye aifikishe Mfuko ndani ya siku saba. Haichukui nafasi ya fomu za Mfuko wenyewe.

3. Lugha ya fomu kama rejesta

Mtahiniwa akiulizwa sifa za rejesta ya fomu, ataje hizi na kutoa mfano kwa kila moja:

- Sentensi fupi, mara nyingi zisizo kamili. Mfano: *Jina kamili. Tarehe ya ajali.*
- Lugha ya kuagiza kwa heshima. Mfano: *Andika, Chagua, Ambatisha.*
- Msamiati maalumu wa shughuli. Mfano: *mdai, mwajiri, mtegemezi, ulemavu, fidia.*
- Kutokuwepo kwa tamathali za semi, methali na lugha ya hisia.
- Matumizi ya tarakimu, vifupisho na alama.
- Maana moja kwa kila neno. Hii ndiyo sifa iliyo muhimu kuliko zote.

4. Hatua za kutunga fomu

*Hatua ya kwanza: Orodhesha yanayopaswa kuthibitishwa.* Usianze na maswali, anza na mahitaji. Kwa madai ya fidia ni sita: nani aliumia, ni mwajiriwa wa nani, aliumia lini na wapi, alikuwa akifanya kazi gani, ameumia sehemu gani ya mwili na ametibiwa wapi, mshahara wake ni kiasi gani. Kila swali utakalotunga lirudi kwenye mojawapo ya hayo sita. Lisiporudi, lifute. Kwa mfano, dini na kabila la fundi havihusiki na fidia.

*Hatua ya pili: Panga sehemu.* Anza na rahisi, yaani jina na simu, kisha tukio, jeraha, matibabu na malipo. Malizia na tamko la ukweli. Mtu mwenye maumivu akikutana na swali gumu mwanzoni hukata tamaa.

*Hatua ya tatu: Chagua aina ya jibu.* Fomu ya mtandaoni ina aina kadhaa za majibu: jibu fupi, jibu la aya, kuchagua moja, kuchagua zaidi ya moja, orodha ya kuchagulia, tarehe, saa, na kupakia faili. Chagua inayompunguzia mjazaji kazi na kupunguza makosa. Jinsi ajali ilivyotokea iandikwe kwa aya, kwa maneno yake mwenyewe. Mkono wa kulia au wa kushoto uwe wa kuchagua moja.

*Hatua ya nne: Amua maswali ya lazima.* Katika fomu ya mtandaoni, swali la lazima huwekewa kinyota, na fomu haitumwi mpaka lijibiwe. Kila kinyota ni mlango, na asiye na ufunguo hubaki nje. Ukilazimisha barua pepe, fundi asiye na barua pepe hawezi kudai. Ukilazimisha jina la shahidi, aliyeumia akiwa peke yake hawezi kudai. Lazimisha tu lile ambalo kila mfanyakazi analo na ambalo bila hilo madai hayawezi kuanza.

*Hatua ya tano: Weka ukaguzi.* Kompyuta inaweza kuelekezwa kukataa jibu lisilowezekana. Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na namba ya simu ya mkononi ikianza na sifuri ina tarakimu 10. Tarehe ya ajali haiwezi kuwa ya kesho. Jibu likikataliwa, maelezo yamsaidie mjazaji. "Kosa!" halimsaidii mtu. "Namba ya simu iwe na tarakimu 10, mfano 07XXXXXXXX" humwonyesha njia.

*Hatua ya sita: Linda faragha.* Taarifa za afya ni taarifa binafsi nyeti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka mtu aelezwe taarifa zake zinakusanywa kwa kusudi gani, na zisitumike nje ya kusudi hilo. Andika maelezo hayo juu ya fomu, kabla ya swali la kwanza.

*Hatua ya saba: Jaribu.* Mpe fomu mtu asiyejua lolote kuhusu kazi yako. Usimweleze chochote. Kila anapouliza "Hapa wanataka nini?", swali hilo ni bovu. Lirekebishe.

5. Kuondoa utata

Utata ni hali ya neno au tungo kuwa na maana zaidi ya moja. Katika ushairi, utata unaweza kuwa pambo. Katika fomu ya fidia ni hasara. Jifunze mifano ifuatayo, maana inatokana na Kiswahili chetu cha kila siku.

*(a) Saa.* Fundi anasema aliumia "saa nne na nusu". Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu jua kuchomoza, hivyo anamaanisha saa ambayo simu huandika 10:30. Anayemsaidia kujaza akiandika 04:30, fomu itasomeka kwamba aliumia alfajiri, wakati karakana imefungwa. Hapo litaulizwa swali halali: alikuwa kazini kweli? Dawa yake ni kuuliza hivi: *Saa ya ajali (kwa saa ya Kiswahili)*, kisha kutoa machaguo: *asubuhi, mchana, jioni, usiku, alfajiri*.

*(b) Tarehe.* 12/03/2024 kwetu ni tarehe 12 Machi. Kwa simu iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani ni tarehe 3 Desemba. Cheti cha hospitali kikisema Machi na fomu ikisema Desemba, nyaraka zinapingana. Tumia kalenda ya kubofya, au tenga siku, mwezi kwa jina, na mwaka.

*(c) Mkono na mguu.* Neno *mkono* katika Kiswahili laweza kumaanisha kuanzia begani hadi ncha za vidole, au kiganja peke yake. *Mguu* nao vivyo hivyo. *Kidole* chaweza kuwa cha mkono au cha mguu. Asilimia ya ulemavu hutegemea kiungo hasa kilichoathirika, kwa hiyo "aliumia mkono" haitoshi. Uliza kwa orodha: *bega, kiwiko, kifundo cha mkono, kiganja, kidole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati, kidole cha pete, kidole cha mwisho*. Ruhusu kuchagua zaidi ya kimoja, kisha uliza: *kulia au kushoto?*

*(d) Mshahara.* "Unalipwa kiasi gani?" lina utata mara tatu: kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi? Kabla ya makato au baada ya makato? Pamoja na posho au bila posho? Andika: *Mshahara wa mwezi kabla ya makato (shilingi)*. Anayelipwa kwa siku apewe swali lake.

*(e) Ndugu na mtoto.* Kwetu, mtoto wa kaka ni mtoto wangu, na binamu ni ndugu. Sheria inapozungumzia wategemezi inataka uhusiano uliobainishwa. Badala ya kuuliza "Taja ndugu zako", uliza: *Mke au mume, watoto uliowazaa au uliowaasili kisheria, wengine wanaokutegemea (eleza uhusiano)*.

*(f) Maswali mawili ndani ya moja.* "Je, uliumia kazini na ulimjulisha msimamizi?" Aliyeumia kazini asimjulishe msimamizi ajibu ndiyo au hapana? Tenganisha.

*(g) Swali lenye hukumu.* "Kwa nini hukuwa makini?" limekwisha kumhukumu mjazaji. Uliza: *Ulikuwa unafanya kazi gani muda mfupi kabla ya kuumia?*

6. Mfano wa fomu

FOMU YA KUTOA TAARIFA YA AJALI KAZINI
*Taarifa hizi zitatumika kuandaa madai yako ya fidia tu. Maswali yenye kinyota (\*) ni ya lazima. Kama huwezi kujaza mwenyewe, mtu unayemwamini anaweza kukujazia.*

SEHEMU A: ALIYEUMIA
1. Jina kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho \*
2. Namba ya Kitambulisho cha Taifa, kama unayo
3. Namba ya simu yako au ya mtu wa karibu \*
4. Anayejaza fomu: ○ Mimi niliyeumia ○ Mtu mwingine (andika jina na uhusiano) \*

SEHEMU B: KAZI
5. Jina la mwajiri \*
6. Kazi uliyoajiriwa kufanya \*
7. Unalipwa: ○ kwa mwezi ○ kwa wiki ○ kwa siku \*
8. Kiasi kabla ya makato, kwa kipindi ulichochagua hapo juu (shilingi) \*

SEHEMU C: AJALI
9. Tarehe ya ajali (chagua kwenye kalenda) \*
10. Saa ya ajali kwa saa ya Kiswahili, na wakati wa siku \*
11. Mahali ajali ilipotokea \*
12. Ulikuwa unafanya kazi gani muda mfupi kabla ya kuumia? \*
13. Eleza jinsi ulivyoumia \*
14. Kuna mtu aliyeona? ○ Ndiyo (andika jina) ○ Hapana

SEHEMU D: JERAHA NA MATIBABU
15. Sehemu ya mwili iliyoumia (chagua zote zinazohusika) \*
16. Upande: ○ Kulia ○ Kushoto ○ Zote mbili ○ Haihusiki \*
17. Hospitali au zahanati ulikotibiwa
18. Daktari amekupa mapumziko? ○ Ndiyo (siku ngapi?) ○ Hapana ○ Sijaonana na daktari
19. Ambatisha picha ya cheti cha matibabu, kama unacho. Unaweza kukileta baadaye.

SEHEMU E: TAMKO
20. □ Nathibitisha kwamba niliyoyaeleza ni kweli kadiri nijuavyo. \*

*Baada ya kutuma:* "Taarifa yako imepokelewa. Hifadhi nakala ya ukurasa huu. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku saba."

Angalia swali la 19. Cheti hakikulazimishwa. Mtu aliye kijijini, ambaye hospitali iko mbali na cheti bado hakijatoka, anatoa taarifa leo na kuleta cheti kesho. Kama tungeweka kinyota, angesubiri cheti, na siku zingekwenda.

7. Kuiweka fomu mtandaoni

Programu kama Google Forms haina malipo na haihitaji ujuzi wa kuandika msimbo. Fungua akaunti, anzisha fomu mpya, andika kichwa na maelezo, kisha ongeza swali moja moja huku ukichagua aina ya jibu. Maswali ya lazima yawashie kitufe cha ulazima. Gawa fomu katika sehemu, na pale inapofaa elekeza mjazaji kwenye sehemu fulani kulingana na jibu lake.

Zingatia mambo matatu. Kwanza, katika programu hiyo, anayepakia faili hulazimika kuingia kwa akaunti yake ya Google. Kwa asiye na akaunti, mruhusu alete nakala ya karatasi. Pili, jaribu fomu kwenye simu ndogo, si kwenye kompyuta tu. Tatu, tayarisha fomu hiyohiyo kwenye karatasi. Umeme ukikatika au mtandao ukipotea, haki ya mtu isikatike navyo.

*Onyo:* Unapofanya zoezi hili shuleni, tumia taarifa za kubuni. Usikusanye taarifa za mgonjwa halisi, wala usiweke jina au nembo ya Mfuko kwenye fomu yako.

8. Makosa yanayofanywa na watahiniwa wengi

1. Kutunga maswali kabla ya kujua anayelipa anataka kuthibitisha nini.
2. Kuweka kinyota kwenye kila swali.
3. Kuuliza mambo mawili kwa swali moja.
4. Kutumia lugha ya insha: "Tafadhali sana tunakuomba kwa unyenyekevu utueleze…"
5. Kusahau tamko la ukweli na ujumbe wa baada ya kutuma.

9. Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti mbili kati ya fomu na barua rasmi.
2. Bainisha utata uliopo katika maswali haya, kisha uyaandike upya:
 (a) Uliumia mguu lini na nani alikupeleka?
 (b) Unapata shilingi ngapi?
 (c) Ajali ilitokea saa ngapi?
3. "Swali la lazima linaweza kumnyima mtu haki yake." Jadili kwa hoja tatu.
4. Mfanyakazi anayelipwa shilingi 240,000 kwa mwezi amepata ulemavu wa muda. Kokotoa malipo yake ya mwezi.
5. Tunga fomu yenye maswali kumi na mawili ya kutoa taarifa ya ugonjwa uliotokana na kazi.

Vidokezo vya majibu

1. Katika barua mwandishi hupanga maelezo yake. Katika fomu hufuata mpangilio wa mtunzi. Barua hutumia sentensi kamili. Fomu hutumia vifungu vifupi na nafasi za kujaza.
2. (a) Kuna maswali mawili ndani ya moja, na "mguu" una utata. Tenganisha na taja kiungo: paja, goti, kifundo, wayo, kidole. (b) Haikutajwa kipindi wala kama ni kabla ya makato. (c) Haijulikani ni saa ya Kiswahili au ya kimataifa, wala wakati wa siku.
3. Hoja ziguse asiye na barua pepe, asiye na shahidi, na ambaye cheti chake hakijatoka. Kila hoja ionyeshe muda unavyopotea.
4. 240,000 × 70 ÷ 100 = shilingi 168,000.
5. Kumbuka: ugonjwa hauna saa ya kutokea kama ajali. Uliza dalili zilianza lini, mfanyakazi alikuwa akishughulika na vumbi, kemikali au kelele gani, na kwa muda gani. Mtahiniwa atakayenakili maswali ya ajali bila kuyabadilisha atakuwa hajaelewa mada.